Mkwe Haonwi Akitafuna

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta nikiwa na tonge mkononi, na nadhani mwenyewe angependa iwe hivyo. Nilikuwa nimekaa kwenye ule mgahawa wa nyuma ya stendi, ninaousifu mara kwa mara humu kwenye safu yangu mpaka baadhi yenu mnanituhumu kwamba nalishwa bure, simu ikaita. Aliyepiga ni mkwe wake, kijana aliyemwoa binti yake wa mwisho, akipiga kutoka Kasulu. "Shikamoo Mwalimu. Mzee ametutoka." Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nilipouliza alikuwa akiumwa nini, akasema hakuwa akiumwa. Jumapili ile alipika maharage mwenyewe kama kawaida yake, wakala pamoja, mzee akajinyoosha kwenye kiti chake uani, na hakuamka tena. Kisha kijana akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa mtu aliyefiwa. "Mwalimu, wewe ulimjua tangu ujana. Mbona kila nilipokula kwake alikuwa ananiangalia vile? Hagusi chakula chake mpaka aone nimetafuna na kumeza. Miaka yote hiyo, na mimi naona haya kumuuliza." Nikamwambia jibu ninalo, ila ni refu, halifai kwa simu ya msibani. Nimeliandika hapa, nanyi mnaweza kusogea mkasikia.

Nilimfahamu miaka ya sabini, nilipopelekwa kufundisha Kasulu, mimi kijana wa Tanga ambaye sikuwa hata na sweta. Yeye alikuwa mwenyeji, Mha wa vijiji vya upande ule, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kusaga. Wote tulimwita Fundi. Hiyo ndiyo miaka ambayo watu walihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa kandokando ya barabara, kila kijiji kikataka mashine yake, na kila mashine ikataka kuharibika. Leo ungemsikia yuko Titye, kesho Rungwe Mpya, wiki inayofuata yuko juu ya lori kwenda Kibondo, sanduku la spana magotini na nyusi zimejaa unga. Lakini ukimuuliza habari za safari, hakukusimulia mashine hata siku moja. Alikusimulia alichokula. Angeweza kukueleza uyoga wa Kibondo, ule unaochipuka msituni mvua zikianza, kwa muda mrefu kuliko watu wengine wanavyoeleza harusi zao, mpaka wewe unayesikiliza unameza mate.

Wakati ule mahali popote penye benchi, chai na sufuria tulipaita hoteli, na Fundi alikuwa na namna yake ya kuingia hotelini. Hakupita mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akavua kofia, akachungulia jikoni na kuuliza, "Jikoni mmeamkaje?" Akijibiwa vizuri, ndipo anaingia na kuchagua kiti ambacho kutoka hapo anaiona sufuria na mpishi anamwona yeye. Nilimtania kwamba anachunga asipunjwe nyama. Akanijibu kwamba chakula hakijamaliza kupikwa mpaka mpishi amwone mtu anakimeza. "Ukila mahali mpishi hakuoni, Mwalimu, umekula kibichi." Nilicheka. Nilikuwa kijana, nikadhani ni maneno ya mtu mlafi anayejitafutia heshima.

Na ulafi ule ulimpa sifa ya ajabu pale mjini, kwa sababu wanaume wa Kasulu, hasa watu wazima, waliona kula hotelini ni aibu. Mzee angetoka kijijini kwake alfajiri, ashinde kwenye ofisi za serikali, arudi jioni na njaa yake ile ile, kuliko kuonwa na majirani ana sahani mbele yake sokoni kama mtu asiye na mke. Fundi mke hakuwa naye kweli, na wala haya hakuwa nayo. Nakumbuka siku moja niliyofuatana naye Kibondo, tukaingia mgahawa wa mzee mmoja Mwislamu, mtu mwenye asili ya Ujiji, ambaye chapati zake zilikuwa zikichambuka tabaka kwa tabaka. Fundi alikunja ya kwanza, akaichovya kwenye asali, akafumba macho. "Mzee wangu," akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "chapati za leo zimezishinda za wiki jana mbali kabisa!" Yule mzee alimkimbilia kama anayezima moto. "Punguza sauti, Fundi, nakuomba! Za leo nimepika mimi. Za wiki jana alipika yeye, na yupo hapo nyuma ya pazia." Pazia likatikisika. Fundi, ambaye hakutaka ugomvi na jiko lolote duniani, akainuka, akasogea mpaka karibu na pazia, akatamka kwa adabu, "Mama, ulimi wangu leo una homa." Tukaletewa nyingine, na hizo hakika hakuzipika mzee.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa mahali pamoja. Karibu na soko la Kasulu palikuwa na hoteli ya mama mmoja mjane, chumba kimoja cha udongo chenye mafiga kwenye pembe na sahani za bati zilizobanduka rangi. Mama yule alipika ugali wa muhogo, kisamvu, samaki wa migebuka waliokaushwa kutoka ziwani, na maharage. Kuhusu maharage yale nitasema machache maana nitashindwa. Yalichemshwa taratibu tangu usiku, yakaungwa kwa mawese na kitunguu, mchuzi ukawa mzito wa kushika ugali bila kumwagika. Fundi akiwa Kasulu alikula pale mchana na jioni, kwenye kiti kile kile, akimtazama mama, naye mama akimtazama yeye. Hawakuzungumza sana. Akimeza tonge la kwanza alitikisa kichwa, na mama aligeukia sufuria zake akitabasamu. Nimeona ndoa zilizokuwa na maelewano madogo kuliko hayo.

Mama alikuwa na binti mmoja tu, fundi cherehani kwenye baraza la duka la nguo. Binti hakupenda jiko hata kidogo. Alisema amezaliwa kwenye moshi na hana nia ya kufia humo. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mkali wa maneno, na Fundi alianza kuchana suruali zake kwenye misumari ya mashine zaidi ya kawaida. Haikuchukua muda mji mzima ukajua. Mimi niliposikia nilimkimbilia kumpongeza. "Fundi, umeula! Sasa utakula maharage yale bure mpaka uzeeni!" Aliniangalia kama niliyemletea habari ya msiba.

"Mwalimu we, hujui kitu," akasema. "Kwetu mkwe haonwi akitafuna. Mama mkwe akija njia hii, wewe unashika ile. Ndiyo heshima. Sasa mimi nitamheshimuje nikiwa na mchuzi kidevuni?"

"Lakini huyu anakuona unakula kila siku," nikasema.

"Ego, ndiyo, ananiona. Kwa sababu leo mimi ni mteja. Siku pombe yetu ikiingia kwao kuposa, mimi ni mkwe. Siku hiyo hiyo jiko lile limefungwa."

Nilitaka kucheka nikaona macho yake, nikaacha. Kwetu Tanga mkwe akifika ukweni anachinjiwa kuku, na mama mkwe husimama kuhakikisha mifupa imebaki mitupu. Sikujua kwamba mapenzi yanaweza kumfukuza mtu mezani. Lakini chumba kilikuwa kimoja, mafiga hapa na benchi pale, na mila ilikuwa wazi kama mchana. Fundi alilazimika kuchagua kati ya binti na sahani, na hakutaka kupoteza hata kimoja. Basi akafanya tunachofanya wote tukishindwa kuchagua, akaahirisha. Wajomba zake walipomuuliza lini wapeleke pombe ya ndizi, alisema mashine ya Titye imekufa. Wakauliza tena, mashine ya Rungwe Mpya imekufa. Mvua zikaja zikaisha, mashine zikaendelea kufa, na Fundi akaendelea kukaa kwenye kiti kile akitikisa kichwa.

Aliyechoka kwanza ni binti. Nilikuwepo, nimepeleka kola ya shati igeuzwe, Fundi alipopita barazani akimsalimu kwa furaha kama mtu asiye na deni la maneno. Binti hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Mashine za Titye zimepona?"

"Zimepona."

"Na za Rungwe Mpya?"

"Nazo."

"Basi sema. Unanitaka mimi au unataka maharage ya mama? Maana kuna watu wa Kibondo wanakuja kwetu Jumamosi na pombe yao, na hao hawajui hata mama anapika nini." Kisha akakanyaga cherehani kwa nguvu, na kola yangu ikashonwa vibaya.

Kesho yake mchana mimi na Fundi tuliingia hotelini pamoja, naye jikoni hakuuliza wameamkaje. Mama alimpakulia sahani iliyofurika, mgebuka juu yake, akaiweka mezani. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya saa za wateja: alivuta kigoda, akakaa mbele ya Fundi. "Mwanangu," akasema, "maharage yapo mengi Kasulu hii. Binti ninaye mmoja. Kula, uniangalie vizuri, na mimi nikuangalie. Ukimaliza sahani hiyo, usirudi tena kama mteja." Wateja wengine walijifanya hawasikii, ambavyo ndivyo watu wanavyosikia vizuri zaidi. Fundi alikula. Sijaona mtu akila polepole vile. Chai yangu ilipoa, watu wakaingia na kutoka, na yeye anakata tonge, anachovya, anatafuna, machozi yanamtiririka bila aibu, na mama hajampa kisogo hata mara moja, ingawa jikoni kuna kitu kilikuwa kinaungua. Alipofuta sahani kwa tonge la mwisho alinawa mikono, akasema, "Asante, mama," akatoka. Alitoka kwa mlango wa mbele. Jumamosi, watu wa Kibondo walikuta pombe ya kina Fundi imeshafika.

Wenyewe husema mwanamume akioa kapata jiko. Huyu alioa akapoteza jiko. Mke alikuwa mwema na nyumba ilikuwa na vicheko, lakini ugali wake ulikuwa na madonge na mwenyewe hakuficha. Fundi akazunguka hoteli nyingine za mji, akatoka kila mahali na sura ya mtu aliyesoma barua isiyo yake. Akakonda. Kasulu nzima ikaona suruali zinamvuka, wakamtania kwamba ndoa imemkausha kama mgebuka. Mama naye alikuwa na jambo lake. Nilimwona akipakua na kukitazama kile kiti, ambacho sasa alikikalia karani fulani aliyekula huku akisoma gazeti. "Huyu anakula kama anaziba shimo," aliniambia kwa uchungu.

Kisha siku moja nilikuta mafundi hotelini. Mama alikuwa amejengesha ukuta wa matete katika pembe ya kulia, ukaacha nafasi ya meza moja na benchi, na nyuma yake akatoboa mlango mdogo wa peke yake. Katikati ya matete palikuwa na kidirisha cha kupitisha sahani, chini kiasi kwamba ungeona mikono tu. Waliomuuliza aliwaambia ni kwa ajili ya vumbi la kiangazi. Vumbi gani linaloingia pembe moja tu ya nyumba, hakuna aliyethubutu kuuliza. Akaniita pembeni. "Mwalimu, nenda kamwambie mtu fulani kwamba hapa pamepatikana mahali pa wenye haya." Nilikimbia, mimi mtu mzima mwenye chaki mfukoni.

Alikuja akanyata kama mwizi, akapita mlango mdogo, akakaa. Sahani ikapita kidirishani. Na kwa kuwa hawakutakiwa kusemezana ana kwa ana, ilibidi mimi nikae mwisho wa ukuta, pua yangu upande huu na sikio upande ule, nipeleke maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayasikia. "Mwalimu, mwambie mwenye jiko leo chumvi imekaa." "Mwalimu, mwambie huyo mgeni asinisifu, ale." "Mwalimu, mwambie ninakula." Mama alitega sikio, akakunja uso. "Mwambie simsikii." Kumbe Fundi, kwa heshima, alikuwa anatafuna kimya kimya, mdomo umefumbwa kama mtu aliye kanisani. Nilipompelekea ujumbe ule alisita, halafu nikasikia upande wa pili mtafuno ambao haungemfurahisha mwalimu yeyote wa adabu: ulimi ukipigwa, mchuzi ukivutwa, vidole vikilambwa kimoja kimoja. Mama alifumba macho. Alikuwa hamwoni, lakini sahani imemfikia mtu wake, na yeye amejua.

Nimefikiri sana juu ya ukuta ule tangu nilipopata simu. Sisi tuliosoma kidogo wakati ule tulipenda kusema mila zimepitwa na wakati, zivunjwe. Wazee wakasema zisiguswe. Mama yule hakuhudhuria mjadala wetu. Hakuivunja mila na hakukubali imvunje, alitoboa kidirisha tu. Na matokeo yake hakuna aliyeyapanga. Wale wazee waliokuwa wanarudi vijijini na njaa walisikia kuna mahali Kasulu unaweza kula usionwe, wakaanza kuingia kwa mlango mdogo, kofia zimeshushwa usoni. Mama akaongeza meza, ukuta ukarefushwa. Mwanzoni wazee walisikiliza mazungumzo ya upande wa mbele. Baadaye wakawa wanajibu kupitia matete. Mwisho wakaona tabu ya nini, wakahamia mbele na sahani zao, wakibishana bei ya kahawa na mdomo umejaa. Nilipohamishwa kutoka Kasulu, mwishoni mwa miaka ile, nyuma ya ukuta alibaki mlaji mmoja tu. Huyo hakuwa akikimbia macho ya watu. Alikuwa anamheshimu mama mkwe wake.

Nilirudi kumtembelea baada ya muda mrefu, nikaenda naye hotelini kwa mazoea. Mama alikuwa mzee, macho yamemwishia, anaongoza jiko kwa kunusa na kugombeza. Fundi akapita mlango wake, akakaa nyuma ya matete. Mama akageuza kichwa. "Mwalimu," akaniita, kisha akabadili nia, akamwita mwenyewe, kwa sauti, bila kunipitia. "Fundi. Toka huko nyuma. Macho yangu yamekwisha, sasa utamficha nani?" Fundi alitoka na sahani yake mikononi, akatafuta kile kiti cha zamani, akakaa mbele ya mama. Akala, na kwa kuwa ndivyo alivyojifunza, akala kwa kelele. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kumbe bado unatafuna vile vile," akasema. "Chumvi je?" "Imekaa, mama," akasema Fundi. Mimi nilikuwa nimeshatoka nje kujifanya natazama mvua, na mvua haikuwepo.

Hilo ndilo jibu, na jana jioni nilimpigia yule kijana nikamsomea nilichoandika. Nilimwambia kwamba mzee, tangu mabinti zake walipoanza kuolewa, aliapa hakuna mkwe wake atakayekula nyuma ya kitu chochote. Akajifunza kupika maharage yale kutoka mdomoni mwa mama kabla hajafariki, maana mkewe mpaka leo na jiko ni maadui. Kila Jumapili alipowapakulia wakwe zake alikaa mbele yao kwenye kigoda, akawatazama wakitafuna, kama alivyotazamwa yeye siku ile ya sahani ya mwisho. Hakuwa anawapima wala kuwahesabia matonge. Alikuwa anamalizia kupika.

"Kumbe," akasema kijana. "Na mimi siku zote nilikuwa nakula haraka haraka, ili aache kuniangalia."

Nanyi wasomaji wangu, ambao siku hizi mnaletewa chakula kwa bodaboda ndani ya mfuko na mnakila mkiangalia simu, nisingependa siku moja mje mseme neno lile lile. Mahali penye mlango wa nyuma, zungukeni, mkaulize jikoni wameamkaje. Na mtu aliyekupikia akikaa mbele yako akakutazama, usiinamishe uso. Tafuna polepole, akuone.